Kabla ya Flajili, Tazama Choo

Dodoma, habari ya makamasi chooni huanzia kwenye mlenda. Mtu amekula ugali wa uwele na mlenda wa karanga usiku, asubuhi anakuta choo chake kimezungukwa na kitu kinachovutika, cheupe au cha manjano, na hesabu anaifunga papo hapo: kilichoingia kinateleza, basi kilichotoka ni hicho hicho. Wapo walioiacha mboga hiyo kwa sababu hiyo tu. Kwa mkazi wa Majengo, ambaye pale sokoni anapimiwa mlenda mkavu kwa kopo, jirani na dagaa na karanga, hiyo ni hasara ya bure, na mboga nayo inasingiziwa.

Utelezi wa mlenda ni nyuzi laini za mmea zinazovuta maji. Tumbo la binadamu haliwezi kuzivunja, kwa hiyo zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wanazichachusha na kuzila. Sehemu ya kinachobaki baada ya karamu hiyo inarudi kuulisha ukuta wa utumbo wenyewe. Makamasi unayoyaona chooni hayakutoka sahanini. Umeyatengeneza mwenyewe.

Na unayatengeneza kila siku. Ukuta wa utumbo mpana umejaa seli ndogo ambazo kazi yake ni kumwaga ute mchana na usiku. Ute huo una tabaka mbili: la nje limelegea na bakteria wanaishi humo, la ndani limebana. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha mwaka 2008, wakichunguza utumbo wa panya, kwamba ndani ya tabaka hilo la pili bakteria karibu hawapo kabisa. Kwa maneno mengine, ute unalainisha njia ili kinyesi kipite, na papo hapo unawazuia wapangaji wasiingie chumba cha mwenye nyumba. Mtu mwenye afya hauoni kwa sababu unachanganyika na kinyesi na kupotelea humo.

Ukianza kuonekana, sababu ni nyingi na nyingi kati yake si za kutisha. Choo kilichokaa siku tatu bila kutoka huufanya utumbo uongeze ute, nao hutangulia peke yake au huganda juu ya vidonge vigumu vya choo cha mbuzi. Bawasiri inayochomoza hutoa majimaji yanayolowanisha nguo ya ndani. Aliyeharisha wiki iliyopita anaweza kuendelea kutoa utelezi kwa siku kadhaa huku utumbo ukijikarabati. Mtu mzima asiye na homa wala damu, ambaye halalamiki maumivu makali, anakula na anakwenda kazini, anaweza kuyaacha makamasi yake siku chache bila kumeza chochote, akanywa maji ya kutosha na kuangalia yanaelekea wapi.

Shida ni kwamba mtaani hakuna anayeangalia. Makamasi yana tafsiri moja, amiba, na amiba ina dawa moja: metronidazo, ambayo kila mtu anaiita flajili. Sentensi hiyo imekaa vichwani mwa watu wa Dodoma sawasawa na ilivyokaa vichwani mwa watu wa Tandale, Kisumu na Bukavu.

Nilisimama hivi karibuni kwenye duka la dawa muhimu, hatua chache kutoka sokoni, nikisubiri chenji. Akaingia mama kijana, mtoto wa miaka miwili hivi mgongoni, kichwa kimelala begani.

"Dada, nisaidie, mtoto anaharisha makamasi tangu juzi."

Mkono wa muuzaji ulikuwa umeshafika kwenye chupa ya flajili ya maji kabla mama hajamaliza. Nikajiingiza, nikamuuliza kama kuna damu.

"Hata sijui, dokta. Dada yake ndiye anayemtawaza."

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa mtaa mzima. Dawa ilikuwa tayari na bei yake inajulikana. Jambo moja ambalo lingeamua kama mtoto yule anahitaji maji ya chumvichumvi (ORS) na zinki, au anahitaji kufikishwa hospitali siku ile ile, lilikuwa limeshamwagwa chooni na binti wa darasa la nne. Simlaumu muuzaji. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, uliwafundisha watu kama yeye na kuwapa orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, na kwa familia nyingi duka hilo ndilo zahanati ya kwanza. Lakini mteja anaingia akiwa ameshajiandikia cheti mwenyewe, na muuzaji akikataa, duka la pili liko mlango wa tatu.

Tuizungumze basi hiyo amiba, maana inatajwa sana kuliko inavyouma watu. Mdudu huyu alielezwa mwaka 1875 na daktari Fedor Lösch wa St. Petersburg, Urusi, aliyemkuta kwenye choo cha mkulima mmoja anayeharisha damu. Miaka 50 baadaye, mwaka 1925, Mfaransa Émile Brumpt akaja na hoja iliyowaudhi wenzake: kwamba amiba hawa ni aina mbili wanaofanana kwa sura, mmoja anatoboa utumbo na mwingine anakaa tu bila kumdhuru mtu. Hakusikilizwa. Ilibidi ifike mwaka 1993, vipimo vya kijenetiki vikiwa vimekwisha kupatikana, ndipo wanasayansi wakakubali rasmi kwamba Brumpt alisema kweli, na mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mtu asiye na dalili asipewe dawa kwa sababu tu darubini imeona vifuko vya amiba.

Kwa lugha ya Majengo maana yake ni hii: karatasi ya maabara iliyoandikwa "amiba ameonekana" haijathibitisha kwamba amiba ndiye anayekusumbua. Huyo asiye na madhara ndiye anayepatikana zaidi duniani, na kwa darubini ya kawaida wawili hao hawatofautishwi, isipokuwa mtaalamu amwone mdudu hai anayetembea huku amemeza chembe nyekundu za damu. Hata pale amiba mharibifu anapothibitishwa, flajili inamaliza nusu ya kazi: inawaua walioingia kwenye ukuta wa utumbo, lakini vifuko vilivyobaki ndani ya utumbo vinahitaji dawa nyingine ya kufuatia. Ndiyo maana wapo watu "wanaougua amiba" kila baada ya miezi mitatu. Wengine hawakuwahi kuwa na amiba hata siku moja. Wengine walitibiwa nusu.

Na kuna ambao flajili haiwagusi kabisa. Kuhara damu kwa watoto wetu, katika sehemu kubwa ya Afrika, kunasababishwa zaidi na bakteria aitwaye Shigella kuliko amiba. Mjapani Kiyoshi Shiga alimgundua wakati wa mlipuko mkubwa nchini kwake mwaka 1897. Flajili kwa Shigella ni maji matupu. Miongozo ya matibabu inataja dawa nyingine, sipro ikiwa ya kwanza, na hata hiyo ni ya kuandikwa na mtabibu aliyemwona mtoto, kwa sababu bakteria huyu ana sifa mbaya ya kuzoea dawa haraka.

Eneo letu linamjua vizuri. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na katika kambi ya Benaco kuhara damu kulikuwa moja ya vita vya kwanza vya waganga. Miezi mitatu baadaye, upande wa Goma, kipindupindu kilitangulia na kuhara damu kukafuata nyuma yake, na ndani ya mwezi mmoja wakimbizi karibu 50,000 walikuwa wamekufa. Shigella wa wakati ule alikuwa ameshazikataa dawa nyingi za bei nafuu zilizokuwapo kambini.

Nayataja ya Ngara na Goma kwa sababu moja ambayo mama wa Majengo anaihitaji leo. Kipindupindu kinatisha kwa wingi wake: ndoo na ndoo za maji meupe kama ya mchele, kila mtu anakimbia. Kuhara damu kunadanganya kwa uchache. Mtoto anakwenda chooni mara 15, kila mara anatoa kijiko tu cha makamasi yenye michirizi myekundu, anajikamua, analia, hakitoki kitu. Familia inasema afadhali, halijawa la maji. Lakini wakati mtoto wa kipindupindu anauawa na ukosefu wa maji, ambao dripu na ORS vinautibu, huyu wa pili utumbo wake una vidonda, ana homa, anapoteza damu na nyama, na aina moja ya Shigella inatoa sumu inayoweza kufika mpaka kwenye figo. ORS inamsaidia, haimtoshi. Makamasi yenye damu kwa mtoto hayasubiri kesho.

Shigella hahitaji wingi ili kuambukiza. Bakteria kati ya 10 na 100 wanatosha kumlaza mtu. Hiyo ni idadi inayobebwa na ukucha mmoja au mguu wa nzi. Nyumba za kupanga za Majengo, ambako vyumba kadhaa vinachangia choo kimoja na bomba moja, zinampa nafasi nzuri. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, upande wa Makutupora, na kwenye kisima si mabaya. Hatari inaingia baada ya bomba, kwenye dumu la siku nne za mgawo na kikombe kinachozamishwa kwenye ndoo na kila mkono. Jiji nalo limevimba: sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000, ya 2022 ikahesabu 765,000. Bomba na vyoo havikukua kwa kasi hiyo. Jambo moja tunalojaliwa ni ukavu. Minyoo ya udongoni, kama ule wa mjeledi unaoweza kumletea mtoto makamasi hadi njia ya haja kubwa ikachomoza, hupenda udongo wa unyevunyevu, na uwanda huu wa kati hauwafai kama pwani. Kichocho cha tumbo nacho ni cha watu wa Ziwa zaidi. Aliyekulia Ukerewe au Mwanza, akahamia Dodoma kikazi, amweleze daktari alikokulia.

Kwa watoto wachanga, huwa nawatuliza akina mama kwanza. Mtoto anayenyonya tu ana choo chepesi, cha manjano, mara kijani, chenye chembechembe na utelezi kidogo, na ni cha kawaida mradi ananyonya na uzito unapanda. Mtoto mwenye mafua hajui kupenga wala kutema. Makamasi ya puani anayameza na sehemu yake inatokea chini. Anayeota meno anameza mate ya kutosha. Hakuna dawa ya vitu hivyo. Kuhara kwa maji kunakoambatana na kutapika mara nyingi ni virusi, ambavyo antibaotiki haiviwezi. Dhidi ya kimoja kati ya hivyo, rota, Tanzania inachanja watoto wote tangu 2013. Anayeharisha apewe ORS na zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, na aendelee kunyonya.

Ila kuna hali moja ambayo ningependa kila bibi wa Dodoma aijue, kwa sababu bibi ndiye anayeulizwa kwanza. Mtoto wa miezi minne hadi kumi, mnene, mzima wa afya, ghafla anapiga kelele na kukunja miguu tumboni, kisha anatulia kama hakuna kitu, baada ya dakika chache anaanza tena. Anatapika, baadaye matapishi yanakuwa ya kijani. Halafu choo kinatoka: si kinyesi, ni rojo jekundu la makamasi na damu. Sehemu ya utumbo imejichomeka ndani ya sehemu nyingine na inakosa damu. Wengi wataita mchango, atapakwa dawa tumboni, atanyweshwa mizizi, na siku mbili zitapita. Saa za mwanzo mara nyingi utumbo unaweza kurudishwa kwa hewa au maji yanayopitishwa njia ya haja kubwa, pale penye wataalamu na vifaa, la sivyo kwa upasuaji mwepesi. Baada ya siku mbili sehemu iliyooza inakatwa, kama mtoto bado yupo. Mtoto wa namna hiyo anapelekwa moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, usiku ukiwa usiku.

Nirudi kwenye kipimo cha choo, ambacho kwa Majengo ni rahisi kukipata, iwe kituo cha afya cha Makole au hospitali ya mkoa, na ambacho kinaharibiwa na mgonjwa mwenyewe kabla hakijafika maabara. Amiba hai anatembea kwa muda mfupi; choo cha maji au cha makamasi kikikaa zaidi ya nusu saa juani kwenye bodaboda, anakufa na mtaalamu haoni kitu. Jisaidie pale pale kituoni kama unaweza. Chota sehemu mbaya, ile yenye makamasi au damu; watu kwa aibu huchagua kipande kizuri kilichoumbika, wakidhani wanamstahi mtu wa maabara. Usichanganye na mkojo wala maji ya chooni. Na usianze dawa kwanza. Flajili ya vidonge viwili ulivyopewa na jirani inatosha kuwaficha wadudu kwenye darubini bila kukuponya. Kipimo kimoja kikikosa kitu na dalili zikaendelea, rudia kwa siku tofauti, hadi mara tatu.

Sasa watu wazima ambao makamasi yao ni ya miezi. Kundi kubwa ni la wale ambao utumbo wao hauna kidonda wala mdudu, ila unashtuka kirahisi: tumbo linanyonga, linajaa gesi, choo leo kigumu kesho laini, makamasi meupe, nafuu baada ya kwenda haja, na yote yanazidi wakati wa mitihani, kesi au madeni. Hawapungui uzito, hawaamshwi usingizini na haja, hawatoi damu. Wanateseka kweli, na mara nyingi wameshapewa amiba, taifodi na vidonda vya tumbo kwa zamu. Wanahitaji maelezo na kupanga mlo, na flajili zaidi inawaharibia bakteria wema tu.

Wengine ni wale ambao dalili hizo hizo zina kitu ndani. Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana unaotokana na kinga ya mwili kuushambulia ukuta wake ulidhaniwa zamani kuwa wa Wazungu. Hospitali zetu kubwa sasa zinautambua, aghalabu baada ya mgonjwa kumeza flajili miaka mingi. Kifua kikuu nacho hukaa tumboni. Anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye anaharisha zaidi ya wiki mbili ana orodha yake tofauti ya wadudu na arudi kliniki yake asipite dukani.

Halafu ipo saratani ya utumbo mpana. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka karibu 20 hadi 1966, alishangaa jinsi alivyoiona mara chache kati ya wagonjwa wake wa vijijini. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya jambo ambalo wengi wangeona aibu kulipima: uzito wa choo na muda wa chakula kupita mwilini. Choo cha wanakijiji wa Uganda kilikuwa kizito kuliko cha Waingereza kwa mbali na kilipita haraka zaidi, na Burkitt akahitimisha kwamba siri ni nyuzi za chakula kisichokobolewa. Si kila alichodai kimesimama hadi leo, lakini uhusiano wa nyuzi hizo na saratani hii umeendelea kupata ushahidi. Ugali wa uwele na mlenda wake, ule unaosingiziwa, ni chakula ambacho Burkitt angekisifu. Chipsi mayai ya jioni asingeisifu. Na vijana hawako nje: Chadwick Boseman, ambaye Black Panther yake imechezwa kwenye vibanda vya video mpaka huku, aligunduliwa na saratani hii mwaka 2016 na akafariki 2020 akiwa na miaka 43.

Kwa hiyo mtu wa miaka 40 na kitu, ambaye choo chake kimebadilika tabia kwa wiki kadhaa, kina makamasi na damu, kimekuwa chembamba, anahisi haja haijaisha hata akitoka chooni, mkanda unahitaji tundu jipya na viganja vimekuwa vyeupe, huyo aombe rufaa ya hospitali kubwa, kwa watu wa Dodoma mara nyingi Benjamin Mkapa, atazamwe utumbo kwa kamera. Akifika kwa daktari aseme tarehe ilipoanza, rangi, mara ngapi kwa siku na usiku, nani mwingine nyumbani anaumwa, na kila dawa aliyokwisha kumeza hata kama ni nusu dozi au ya miti shamba. Picha ya choo kwenye simu si utovu wa adabu, mimi huziomba. Na kabla ya kamera, ambayo ina foleni na gharama, kipo kipimo kisicho na foleni: daktari anavaa glovu na kuingiza kidole njia ya haja kubwa kwa sekunde chache. Uvimbe ulio karibu na mlango unaguswa hapo hapo, na mara nyingine ni bawasiri tu na mgonjwa anakwenda nyumbani. Wagonjwa wanaona aibu kukubali, madaktari nao wanaona aibu kupendekeza, hasa mgonjwa akiwa mzee wa rika la baba yao. Ukiambiwa amiba kwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja na hakuna aliyekugusa, kiombe mwenyewe.